Mshika Antena

Keko Machungwa, nyumba ya tatu kutoka bombani,
kwa Mama Stumai, kulikuwa na kabati la mninga
lenye milango miwili na kufuli,
na ndani yake, chini ya kitambaa cha kufuma,
alilala kunguru wetu.

Kiingilio kilikuwa dumu la maji.
Lita tano, lijae, na yasiwe ya chumvi;
Mama Stumai alionja kwa kidole.
Halafu miguu: unasimama juu ya gunia mlangoni,
unajimwagia kopo moja, unasugua visigino,
unaonyesha nyayo, kulia, kushoto,
kama mtu anayevuka mpaka.
Waliokosa maji walibaki dirishani,
wakarudi kwao na chapa ya wavu wa mbu puani,
na mama zao hawakuuliza walikuwa wapi.

Saa kumi na nusu ilikuwa mistari tu.
Ya rangi, tuliambiwa; kwetu yote ya majivu.
Tuliikodolea macho bila kupepesa,
tukibishana upi ndio mwekundu.
Kisha mlio, kisha kinanda, kisha yeye:
Karani Kunguru, soksi nyeusi ya mtu mzima,
vifungo vya koti kwa macho,
kola ya karatasi shingoni.
"Mmenawa?"
"Tumenawa!"
Na kutoka jikoni, Mama Stumai: "Wamenawa!"

Kaka yangu Kibwana hakumwona hata siku moja.
Yeye alikuwa juu ya bati,
kwa kuwa yeye mwepesi na bati limechoka,
amekumbatia mti wa antena
akifukuza kunguru wa kweli,
wale wa Dar, wasio na haya,
waliotua pale kunoa midomo
na kumgeuza mwenzao kuwa chenga.
"Vipi?"
"Bado!"
"Vipi?"
"Rudisha! Upande wa Kurasini! Hapo! Hapo hapo!
Usipumue!"

Usiku, mkekani, nilimlipa.
Nilimsimulia kipindi chote, sauti na mabawa,
na niliposahau, nilitunga.
Alicheka zaidi pale nilipotunga.

Mwaka ule wa mgao, tulipotazamia betri ya gari,
aliuza chupa tupu akanunua stempu.
*Mimi ni Kibwana Pazi wa Keko.
Sijawahi kukuona ila nakusikia vizuri.*

Wiki tano, kimya.
Ya sita, Karani akavaa miwani yake ya waya,
akachambua kadi kwa mdomo, akavuta moja:
"Na hii imetoka kwa Kibwa..."

Tulipiga kelele zote tulizokuwa nazo.
Ni wewe! Ni wewe!
Juu ya bati ilifika kelele tu.
Akadhani picha imepotea.
Akageuza.

Ilipotulia, kunguru alikuwa kashavua miwani
na Mama Stumai kashika kitambaa.

"Alisemaje?"
Nikamwambia kaisoma yote.
Kasema hata yeye hajawahi kukuona,
ila hatua zako kwenye bati anazisikia.

Siku hizi Kibwana ni fundi wa madishi, Mbagala.
Ana kifaa cha kupimia mawimbi, kinalia chenyewe,
hakuna haja ya mtu kuitika kutoka ndani.
Bado anaita. Wateja wanatazamana.
Wanangu mimi wanaangalia katuni kitandani,
kila mmoja na kioo chake, miguu ina vumbi,
nami sisemi kitu.

Juzi, msibani kwa Mama Stumai,
alinisogelea, mvi kidevuni, sauti ya chini:
"Hivi yule kunguru alisemaje? Neno kwa neno."

Mji huu una akina Kibwana wangapi.
Labda hata lilikuwa jina jingine, Kibwe.
Nikamsimulia upya, na safari hii
nikamwongezea kikohozi kidogo kabla ya jina.

Alifumba macho. Mikono yake, juu ya magoti,
ilikuwa imeshika kitu kisichokuwepo.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo.
Usiguse tena."